Doa la damu: ni damu kweli, ni ya mtu, ni kundi gani? Mwongozo kamili kwa mnaokwama kila praktikali

Kila muhula ni yaleyale. Praktikali ya madoa ikiisha, usiku simu yangu inajaa meseji, kaka mstari haujatokea, kaka doa la samaki nalo limetoa pinki, kaka mi kila doa kwangu ni kundi B, sasa kujibu mmoja mmoja nimechoka nimeona niandike mara moja halafu mtumiane wenyewe.

Historia ya nani aligundua nini sigusi, ipo kwenye noti zenu. Hapa ni kazi tu.

Zoezi mnalijua. Unapewa kipande cha kanga, kipande cha ubao wa mtumbwi na kipande cha gunia, vyote vina madoa ya kahawia yaliyokauka, useme kipi kina damu ya mtu. Na kwa sisi wa kando ya ziwa swali hili si la darasani tu, pita soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, alfajiri uniambie ubao upi hauna damu, ya sangara ipo, ya sato ipo, ya kuku aliyechinjiwa pembeni ipo, na ya kidole cha kijana aliyeteleza na kisu ipo. Zikikauka zote rangi moja.

Shika hili kabla hujagusa kitu: maswali ni matatu. Je, inaweza kuwa damu? Je, ni ya mtu? Je, ni kundi gani? Kila kipimo kinajibu swali moja tu. Wengi wenu mkono uko vizuri kabisa, mnachofeli ni kukiuliza kipimo cha kwanza swali la pili.

## Andaa vitu vyote kwanza, usianze kukimbizana katikati

Kwa kazi yote:
- Glovu jozi kadhaa, koti, miwani ya maabara.
- Bahasha za karatasi, zile za kaki. Sio nailoni, sababu inakuja.
- Salaini, ile ya dripu ya asilimia 0.9 inafaa kabisa.
- Mikropaipeti na vidokezo vyake, tyubu ndogo, mkasi, kibanio.
- Maji ya klorini ya asilimia 0.5 ya kusafishia meza.

Kipimo cha kwanza: rijenti ya Kastle-Meyer (dawa inayogeuka pinki ikikuta damu), ethanoli, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (ya famasi, chupa ya kahawia, ambayo haijakaa wazi tangu mwaka juzi), karatasi za kuchujia au swabu za pamba.

Kipimo cha pili: agarosi (unga wa kutengenezea jeli), bafa ya fosfeti yenye pH kama 7.4, slaidi za kioo, kitobozi cha mm 3, antisera (seramu yenye antibodi, yaani protini za kinga zinazoshika kitu maalumu) dhidi ya seramu ya binadamu, yaani maji ya damu yasiyo na seli, na seramu za kulinganishia za mtu, ng'ombe, mbuzi na samaki. Samaki mnanunua wenyewe asubuhi, damu mnavuta kabla muuzaji hajamkwangua magamba. Weka pia kopo la plastiki lenye mfuniko na tishu.

Kipimo cha tatu: antisera za anti-A na anti-B, lektini ya anti-H (protini ya mmea inayoshika H, alama iliyojaa kwenye seli za O), seli nyekundu za A, B na O, methanoli, barafu, beseni la maji moto linaloshika nyuzi 56, na hadubini.

Bila seramu za kulinganishia usianze, sema leo hamna praktikali urudi hosteli. Jibu lisilo na kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake unalijua tayari, halisomeki, liwe zuri au baya.

## Hatua ya 1: Jilinde, kisha andika

Damu iliyokauka bado ni damu. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo ile "aa hili doa la zamani" iache mlangoni. Glovu zinavaliwa, na zinabadilishwa ukihama kutoka kielelezo kimoja kwenda kingine, maana kipimo cha antibodi hakijui kama protini ya mtu imetoka kwenye doa au imetoka kwenye glovu iliyoshika doa lingine dakika tano zilizopita.

Ya kulinganishia ikiwa ni damu yako mwenyewe, jichome kidole kwa lanseti mpya, damu ya rafiki usiichezee.

Af andika. Piga picha doa kabla hujaligusa, weka rula pembeni, andika namba, ukubwa, rangi, limekaa upande gani wa kitambaa. Ukishakata huwezi kurudisha.

## Hatua ya 2: Kuchukua doa na kulitunza

Hapa ndo kazi za wengi zinafia na wao hawajui, wanakuja kulalamikia antisera siku ya tatu.

Doa likiwa bichi, likaushe kwanza kivulini, kwenye hewa ya kawaida. Sio juani na sio kwa pasi. Moto unaharibu umbo la protini, na antibodi inatambua umbo, umbo likishavurugika antibodi inapita kama mtu anayepishana na mgeni stendi ya Nyegezi.

Likikauka liingie bahasha ya karatasi. Karatasi inapumua, nailoni inafungia unyevu, na kwa hali ya hewa ya ziwa letu siku mbili tu unakuta ukungu na harufu, bakteria wameshakula protini ulizokuwa unazitafuta. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini bado naona watu wanaleta sampuli kwenye vifungashio vya karanga, jamani.

Kwenye ubao au ukuta ambao huwezi kukata, lowesha swabu kwa tone moja la salaini, zungusha juu ya doa mpaka ichukue rangi, ikaushe, ifungashe. Tone moja. Ukiilowesha chapachapa unasambaza doa badala ya kulikusanya.

Na chukua kipande kisafi cha kitambaa hichohicho karibu na doa. Hiki ni kontroli ya kitambaa na nitakutajia mara nyingi mpaka unichoke.

Umefanikiwa ukiwa na: doa kavu, bahasha yenye namba, kipande kisafi kwenye bahasha yake.

## Hatua ya 3: Inaweza kuwa damu?

Rijenti ya Kastle-Meyer ni fenolftaleini iliyopunguzwa kikemia kwa zinki mpaka ikapoteza rangi. Hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, inafanya kazi kama kimeng'enya cha peroksidesi, peroksaidi ikifika inairudishia rangi yake ya pinki. Kama maabara yenu inatengeneza wenyewe: gramu 2 za fenolftaleini, gramu 20 za potasiamu haidroksaidi, mililita 100 za maji yaliyotoneshwa (distilled), gramu 20 za unga wa zinki, inachemshwa kwa kondensa ndani ya kabati la moshi mpaka rangi iishe, mwalimu akiwepo, ile alkali inaunguza ngozi. Hifadhi kwenye friji, chupa nyeusi, zinki kidogo ibaki chini. Siku ya kutumia changanya sehemu 1 ya hiyo na sehemu 4 za ethanoli.

Utaratibu:

1. Kunja karatasi ya kuchujia iwe na ncha, sugua doa kidogo tu. Huhitaji kuona rangi nyekundu kwenye karatasi.
2. Tone la ethanoli. Inasafisha njia ili rijenti ifike.
3. Tone la rijenti. Simama. Hesabu mpaka kumi.
4. Haijabadilika? Sasa tone la peroksaidi.
5. Soma ndani ya sekunde kama 10 mpaka 15.

Namba 3 hapo, ya kusimama na kuhesabu, ndo mnaruka wote. Ikigeuka pinki kabla ya peroksaidi, hiyo si damu inayojibu, ni kitu kinachoongeza oksijeni chenyewe, kutu ya msumari wa mtumbwi, chumvi za shaba, au masalia ya dawa ya kusafishia yenye klorini. Ukimwaga vyote kwa pamoja huwezi kujua kipi kilitangulia, na mbao za mitumbwi zina misumari mpaka basi.

Pia mimea ina peroksidesi zake, figili, viazi ulaya, koliflawa. Gunia lililobebea viazi linaweza kukudanganya mchana kweupe.

Na ukisubiri dakika tatu kila kitu kinakuwa pinki hata karatasi tupu, maana rijenti inaoksidika yenyewe hewani. Kwa hiyo pinki ya kuchelewa haihesabiki.

Sasa yule aliyeandika "kaka doa la samaki limetoa pinki kipimo kibovu", hapana mdogo wangu, kipimo kizima kabisa. Sangara ana hemoglobini, kuku anayo, mbuzi anayo. Kipimo kimeulizwa kama inaweza kuwa damu kikajibu ndiyo. Ni damu ya nani, hakijaulizwa.

Kama damu ni mbichi kuna njia ya mkato ambayo watu hawaitumii: paka slaidi, tazama kwa hadubini. Seli nyekundu za samaki na za ndege ni za duara dufu na zina kiini katikati, za mtu, ng'ombe na mbuzi hazina kiini. Dakika tano umeshamtoa sangara kwenye kesi. Ila doa likishakauka seli zimepasuka, njia hiyo imekufa.

Umefanikiwa ukiona: damu ya kulinganishia pinki ya haraka, kipande kisafi bila rangi, doa lako limejibu moja kati ya hayo mawili.

## Hatua ya 4: Kuloweka doa

Kata kipande kama sentimita 1 mraba, kikatekate, tia kwenye tyubu na salaini maikrolita 200 hivi. Kidogo. Watu wanamwaga mililita mbili halafu wanashangaa protini hazionekani. Acha kwenye friji kwa muda usiopungua masaa mawili, hata mpaka kesho yake, doa la zamani lipe usiku mzima. Kipande kisafi nacho kiloweke vivyo hivyo, tyubu yake.

Zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu yaliyo safi. Yakiwa na vumbi na nyuzi, mstari utakaouona kesho unaweza kuwa uchafu tu.

Kipimo cha haraka cha kujua umepata kitu: tikisa tyubu. Povu likisimama dakika kadhaa, protini ipo. Povu likizimika papo hapo kama soda iliyokaa wazi, loweka zaidi. Rangi ya chai nyepesi ndo nzuri. Ikiwa nyekundu nzito au kahawia ya kahawa, usifurahi, hiyo itakuletea shida hatua inayofuata, na nakuja nayo.

## Hatua ya 5: Ni ya mtu? Jeli ya Ouchterlony

Hapa nakaa, maana hapa ndo meseji nyingi zinatoka.

Antisera yako imetoka kwa mnyama, mara nyingi sungura, aliyechomwa seramu ya binadamu mwili wake ukatengeneza antibodi dhidi ya protini za mtu. Unaiweka shimo moja kwenye jeli, maji ya doa unayaweka shimo la pili, vyote viwili vinatambaa ndani ya jeli. Vikikutana vikajuana, vinashikana kwa wingi mpaka vinakuwa vizito na kutua, unaona mstari mweupe. Visipojuana vinapishana.

Neno kubwa hapo ni *kwa wingi unaolingana*. Mstari unatokea pale tu antijeni (kile kinachoshikwa, hapa protini za doa) na antibodi zina uwiano. Antijeni ikizidi mno, kila antibodi inazungukwa na antijeni zake binafsi, wavu hausukwi, mstari hamna. Seramu ya mtu ni nzito, albumini peke yake ni kama gramu 35 mpaka 50 kwa lita. Kwa hiyo yule aliyetia seramu ghafi kama kontroli akaona utupu, halafu akaandika antisera imeexpaya, alikuwa amezamisha kipimo kwa wingi. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikaandika kwa kujiamini kabisa "sio damu ya binadamu", mwalimu akaniuliza kwa upole na kontroli yako ya binadamu mbona nayo imesema yeye sio binadamu? Darasa zima lilicheka.

Utaratibu:

1. Jeli. Gramu 1 ya agarosi kwenye mililita 100 za bafa, chemsha mpaka iwe angavu kama maji, bila chembe. Ukiona vijipunje bado havijayeyuka rudisha motoni, vitakuja kuzuia njia.
2. Mwaga mililita 3.5 kwenye slaidi iliyolala sawa kabisa. Meza ikiinama, upande mmoja jeli nene upande mwingine nyembamba, mistari inapinda. Weka simu yenye programu ya pimamaji juu ya meza, kazi ya dakika moja.
3. Ipoe halafu iweke friji dakika 15 ishike. Kutoboa jeli ya vuguvugu kunaichana.
4. Toboa shimo moja katikati na sita kuzunguka, kama ua. Mashimo ya mm 3, umbali wa mm 4 hadi 5 kutoka ukingo hadi ukingo. Nyonya vipande vya jeli kwa paipeti taratibu. Shimo likichanika ukingo, maji yatapita chini ya jeli badala ya ndani yake, lihame.
5. Chora ramani kwenye daftari kabla hujaweka tone hata moja. Mashimo yamekaa duara, ukiigeuza slaidi umepotea. Weka alama kona moja.
6. Jaza maikrolita 10 kila shimo. Katikati antisera. Kuzunguka: seramu ya mtu iliyozimuliwa 1 kwa 100, doa lako ghafi, doa lako lililozimuliwa 1 kwa 10, kipande kisafi, seramu ya mbuzi au ng'ombe 1 kwa 100, na ya samaki 1 kwa 100. Doa lako likae jirani na seramu ya mtu, lazima, utaona kwa nini.
7. Funika kwenye kopo lenye tishu iliyoloweshwa, acha usiku mzima, saa 18 mpaka 24. Joto la chumba la Mwanza linatosha. Jeli ikikauka mashimo yanasinyaa na kila kitu kinasimama njiani.

Usichungulie kila nusu saa. Najua mtachungulia.

## Hatua ya 6: Kusoma mistari

Inua slaidi, weka kitu cheusi nyuma, mwanga utoke ubavuni. Tochi ya simu inatosha. Ukiangalia kwa mwanga wa mbele huoni kitu na mstari upo.

Angalia kontroli kwanza. Seramu ya mtu ina mstari? Kipande kisafi, mbuzi na samaki havina? Hapo tu ndo una ruhusa ya kuangalia doa.

Sasa mstari wa doa lako na wa seramu ya mtu ya jirani:
- Ikiungana kama upinde laini, bila mkia: protini ni ileile. Hilo ndo jibu la "ya mtu".
- Ikiungana lakini mmoja umetoa mkia mfupi kupita makutano: zinafanana kiasi, sio zote. Usiseme "ya mtu" hapo, rudia kwa mizimuo tofauti.
- Ikikatana kama njia panda: vitu viwili tofauti kabisa.

Antisera ya seramu nzima ina antibodi za protini nyingi, kwa hiyo kuona mistari miwili mitatu kwa shimo moja ni kawaida, usishtuke ukaita mwalimu.

Hamna mstari? Fuata hivi kabla ya kunitumia meseji. Kontroli ya mtu nayo hamna: tatizo ni antisera, jeli au mzimuo wa kontroli. Kontroli ipo, doa ghafi hamna, lililozimuliwa lipo: antijeni ilizidi, yale maji yako ya rangi ya kahawa. Vyote viwili vya doa hamna lakini hatua ya 3 ilikuwa pinki: ama ni mnyama mwingine, ama umeloweka vibaya, ama doa lilipigwa pasi au kufuliwa na maji ya moto. Na mstari ukiwa umebanana na shimo la antisera, antijeni yako ni nyingi, ukibanana na shimo la doa, ni chache. Jeli inakwambia yenyewe la kufanya.

Kama mstari ni hafifu, oshea slaidi kwenye salaini siku nzima ukibadilisha maji mara kadhaa ili protini zisizoshikana zitoke, ikandamize kwa karatasi ya kuchujia, ikauke, halafu ipake rangi ya Coomassie dakika 10 na uisafishe kwa mchanganyiko wa methanoli, asidi ya asetiki na maji. Mistari inabaki ya bluu. Ukiruka kuosha, slaidi nzima inakuwa bluu kama sare ya shule.

Kitu kingine, antisera ya binadamu inajibu pia kwa ndugu zetu wa karibu, sokwe hasa. Mtu wa mjini atacheka, lakini kisiwa cha Rubondo kina sokwe waliopelekwa kati ya 1966 na 1969, na wako ziwani humuhumu. Ndo maana kwenye ripoti makini mtu anataja antisera ilijibu nini, hatangazi zaidi ya hapo.

## Ukiwa na kaseti ya haraka

Kuna kaseti zinazotambua hemoglobini ya binadamu kwa antibodi, zinafanya kazi kama ile ya malaria, mstari wa C na wa T. Ni nzuri, dakika kumi umemaliza, na hemoglobini inavumilia kuliko protini nyingi za seramu.

Mtego ni uleule wa wingi. Ukitia maji mazito ya doa, hemoglobini inajaza antibodi zote za kwenye kaseti na mstari wa T hautokei, unaandika hasi kwenye damu inayochuruzika. Zimua 1 kwa 10 na 1 kwa 100, pima zote. Na usisome baada ya muda ulioandikwa kwenye boksi, kivuli kinachotokea kaseti ikikauka sio jibu.

## Hatua ya 7: Kundi la damu kutoka kwenye uzi

Siku hizi kesi za kweli zinakwenda kwenye vinasaba, lakini zoezi hili linafundisha antibodi kuliko lolote lile ndo maana bado lipo. Wazo: antibodi inashika antijeni iliyokauka kwenye uzi, unaosha iliyobaki yote, kisha unaipasha iachie, halafu unaipa seli mpya uone kama itazikusanya.

1. Chomoa nyuzi tatu za mm 5 kutoka kwenye doa, na tatu kutoka kwenye kipande kisafi. Fanya hivyo pia kwa madoa ya kulinganishia ya A, B na O. Kila uzi tyubu yake.
2. Methanoli dakika 15, mwaga, ikauke. Inalifunga doa lisiondoke na maji.
3. Tone la anti-A kwenye uzi wa kwanza, anti-B wa pili, anti-H wa tatu. Friji, usiku mzima.
4. Osha kwa salaini yenye barafu mara 6. Ukiosha mara mbili, antibodi iliyobaki kwenye tyubu inakupa jibu la uongo, kila kitu chanya. Ukiosha kwa salaini ya joto la chumba, antibodi inaachia kabla ya muda wake na unaimwaga kwenye sinki.
5. Tone moja la salaini mpya, beseni la nyuzi 56, dakika 15. Pima maji kwa themomita, namba iliyoandikwa kwenye kitufe usiiamini. Joto likizidi sana antibodi inaungua, likipungua haiachii.
6. Toa uzi. Ongeza tone la seli: A kwenye tyubu ya anti-A, B kwenye anti-B, O kwenye anti-H. Seli zioshwe mara 3 na ziwe nyepesi, maikrolita 5 za seli zilizotua chini kwenye mililita 1 ya salaini. Antibodi iliyotoka ni chache mno, ukiipa seli nzito inagawana mpaka haionekani.
7. Nusu saa, tikisa polepole, tazama kwa hadubini.

Seli zilizoshikana mafungu mafungu ni chanya, zikielea mojamoja ni hasi. Na huku kushikana usikuite kuganda, damu kuganda ni kazi ya protini nyingine kabisa.

A peke yake, kundi A. B peke yake, B. Zote mbili, AB. Hamna A wala B lakini H ipo, O. Hamna chochote hata H: sio O! Hapo huna jibu, doa ni dogo au limeharibika. Hili kosa nimeliona kwenye daftari zaidi ya nilizoweza kuhesabu.

Sasa mwenye B kila mahali. Angalia kipande chako kisafi. Nacho ni B? Basi ama hujaosha, ama kitambaa chenyewe kina kitu. Jasho na mate ya watu kama asilimia 80 yana antijeni za kundi lao, na kanga inavaliwa, inafutiwa jasho, inabebea mtoto. Bakteria wengine nao wana vitu vinavyofanana na A au B, tunarudi palepale kwenye nailoni na unyevu. Kipande kisafi kikijibu chochote, doa halina jibu la kundi, basi.

## Hatua ya 8: Kuandika majibu

Andika kilichoonekana. "Kielelezo namba 2: Kastle-Meyer chanya, kipande kisafi hasi. Jeli: mstari uliungana kikamilifu na seramu ya binadamu, hakuna mstari kwa mbuzi na samaki. Kundi: A, kontroli zote zilijibu inavyotakiwa." Hapo mwalimu hana pa kukushika.

Usiandike "hii ni damu ya fulani". Kundi linaweza kumtoa mtu kwenye orodha, haliwezi kumweka mtu mmoja peke yake, watu wa kundi A wamejaa daladala nzima kutoka Buhongwa mpaka Igoma. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009 na vielelezo vya kesi vinapitia polisi kwenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Kwa hiyo jirani akikuletea shuka akuombe umpimie kisa anamshuku mtu, mrudishie shuka lake likiwa limefungwa vilevile, mwambie aende kituoni.

Ukimaliza, jeli, nyuzi na vidokezo viingie kwenye klorini dakika 10 ndo vitupwe kwenye ndoo ya taka hatarishi, meza ifutwe kwa klorini hiyohiyo. Ila ifute mara ya pili kwa maji ya kawaida, maana wenzako wa kundi la mchana wataanza na Kastle-Meyer juu ya meza hiyo na klorini itawatolea pinki kabla hata hawajafungua peroksaidi.